Gololi Moja

Gari nililiuza mwezi wa Ramadhani
kwa bei ya matatizo yake.
Mnunuzi akalizunguka mara tatu, akapiga tairi teke:
Linatembea?
Nikamwambia kweli: linatembea,
kwenda kwa Fundi Mponda, na kurudi.

Mponda alifungua boneti
kama daktari anayefunua shuka,
akasonya kidogo,
na moyo wangu ukashuka hadi kwenye pochi.
Hii nozeli, dada. Hii ni nozeli.
Nozeli ni kitu gani sikuuliza, nikalipa.
Miaka sita nimelipia
huko kutouliza.

Baiskeli nimeipata Ilala, mtumba wa Japani,
kikapu mbele, kengele yenye kutu,
na kwenye fremu jina la mwanafunzi fulani
kwa herufi nisizozijua.
Basi naiita Mtoto wa Watu.

Mama Gaudensia alinikuta getini
nabana gauni kwa vibanio vya kuanikia nguo.
Jamani, mambo yamekuwa magumu hivyo?
Nikamjibu: yamekuwa mepesi.
Hakuamini.
Jioni akaniletea bakuli la maharage.

Miaka kumi na moja Kimanga
sikujua kuwa kwetu ni mlimani.
Magoti ndiyo yaliyoniambia.
Sasa najua wapi lami imeliwa,
bomba gani linavuja Ilala Boma,
mbwa yupi hubweka tu na yupi humaanisha.
Mwenda pole hajikwai, walisema wahenga;
hawakupita Buguruni saa moja asubuhi
lori la saruji likikupumulia kisogoni.
Naogopa, sifichi.
Nafika kazini nina jasho na vumbi la watu wote,
nanawa kwenye sinki la stoo,
nahesabu maboksi ya dawa
nikiwa macho kuliko bosi.

Pancha ya kwanza ilinikamata Karume.
Kijana wa pampu akataka elfu mbili.
Nitakupa, nikasema, ila fanya polepole, nione.
Akacheka. Akafanya polepole.
Ya pili niliiziba mwenyewe uani,
tairi nimelibandua kwa vijiko vya seti ya harusi
(mwishowe vimepata kazi),
tyubu ndani ya beseni,
na kipovu kimoja kikapanda juu
kama mtu anayeomba radhi.
Hapo. Ni hapo tu.
Tundu dogo kuliko jicho la sindano
na mimi nilidhani dunia imepasuka.

Hela ya mafuta haikunitajirisha.
Imelipa maji. Imemnunulia Shamimu miwani,
na kwa miwani hiyo, Jumamosi iliyopita,
amenihesabia gololi za gurudumu la mbele
kwenye kisosi, juu ya gazeti la wiki jana:
kumi upande huu, kumi upande ule.
Nikafuta grisi ya zamani, nyeusi kama deni,
nikapaka mpya, nikapanga, nikakaza nati,
nikalegeza robo, nikakaza tena.
Gurudumu likazunguka bila neno.

Kisosini imebaki moja.

Mama, ishirini zilitoka.
Najua, mwanangu.
Sasa hii?
Sijui.

Ningempigia Mponda angenijibu upesi,
na jibu lingekuwa na bei.
Nimeiosha kwa mafuta ya taa,
nimeitia mfukoni pamoja na funguo.
Labda Mjapani aliweka ya ziada.
Labda ndiyo iliyokuwa imeshikilia vyote.
Mengi nimeyatoa maishani mwaka huu
nikaona maisha yanazunguka vilevile;
hili moja sina uhakika nalo.

Jumatatu, kabla ya mteremko wa kwenda Relini,
nakamata breki nusu,
nanyamazisha kengele kwa kidole,
nasikiliza.